Mstari wa Mama Djamila

Siku ya finale ya kombe ilianza kama Jumapili yoyote ya Kasongo: mvua ndogo alfajiri, kengele za misheni, kisha kelele za pikipiki. Mwalimu Élysée alikunywa chai, akapiga pasi shati lake jeusi la mwamuzi wa mpira kwa mkono wake mwenyewe, akajitazama kwenye kioo muda mrefu kuliko inavyomfaa mwanamume wa miaka arobaini na sita. Miaka kumi na moja alikuwa amechezesha mechi bila mtu kumwita mwongo. Jina hilo safi ndilo lililomfanya asimame wima, na tuseme ukweli, alilipenda kupita kiasi.

Uwanjani, Mama Djamila alikuwa anamaliza kuchora mistari. Mjane huyu, mzaliwa wa Kabambare aliyeolewa Kasongo zamani, alichora kwa majivu ya jikoni kwake, akiyatikisa kwenye chekeche hatua kwa hatua, kandambili miguuni. Zamani walitumia unga wa muhogo, hadi mwaka ule mbuzi walipolamba eneo zima la penalti kabla ya mpira kuanza. Majivu mbuzi hawayataki. Mistari yake ilinyooka kama kamba iliyovutwa, na hakuna aliyewahi kumwambia asante.

Magoli hayakuwa na nyavu. Huazimwa kwa wavuvi wa Nyangwe, na wiki ile wavuvi walikuwa na kazi nazo.

Wageni walikuwa vijana wa Salamabila, wachimba dhahabu wenye mabega mapana. Hawakupita mlangoni; waliruka ukuta, kwani inajulikana kwamba wenyeji huzika dawa mlangoni. Wenyeji nao waliruka ukuta wa pili, kwani inajulikana kwamba wageni hawaji mikono mitupu. Mlango ukabaki wazi, akapita mwamuzi peke yake kama bwana harusi aliyekimbiwa.

Mpira wenyewe ulikuwa fedheha. Walipiga hewa, waliteleza, walipasiana na maadui. Blaise, kipa wa Kasongo, alidaka mara mbili na kuangusha mara mbili.

"Blaise, mutoto wangu!" mama mmoja alipiga kelele. "Ile ni mpira, haiko yai la moto!"

Dakika ya themanini, Abdallah, kapteni wa wageni, alipiga kichwa karibu na goli la kaskazini. Wakati huohuo Élysée alikuwa amekaa kwenye tope katikati ya uwanja. Alikuwa ameteleza, na mkono wake ulikuwa unafuta shati. Msaidizi wake wa upande ule alikuwa anagombana na mtu aliyemvuta bendera. Élysée alipoinua macho, Blaise alikuwa ameukumbatia mpira, magoti yake yakifuta majivu ya mstari.

Uwanja mzima ulimgeukia mwamuzi.

Neno la kweli lilikuwa moja tu, na hakulisema: sikuona. Alipuliza filimbi, akatikisa mkono. Hakuna goli.

Dakika tano baadaye beki wa Salamabila alimrudishia mpira kipa wake, ambaye wakati huo alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Moja kwa bila. Kasongo bingwa.

Wageni walilalamika. Gérard, kamishna wa mechi, aliwakusanya wote katika darasa moja lenye harufu ya jasho.

"Mwalimu, hawa wanasema mpira iliingia. Weye uliona nini?"

Élysée alitazama tope kwenye shati lake. "Niliona... niliona mustari unasogea."

Hakujua maneno yale yalitoka wapi. Lakini darasa zima lilipumua. Kila mmoja alipata fungu lake. Blaise akaruka: "Ndiyo maana mikono ilikuwa inateleza!" Kipa wa wageni naye akakumbuka kwamba kamba ya kiatu ilifunguka yenyewe. Wachezaji ishirini na wawili, wabovu wote, wakawa ghafla watu waliorogwa.

"Nani alichora mustari?" mtu alinong'ona.

Kwa wenyeji, Mama Djamila alikuwa mzaliwa wa Kabambare. Kwa wageni, alikuwa mke wa Kasongo. Hakuwa na upande. Kabla jua halijazama vijana walikuwa wamevunja mafiga yake, wamemkanyaga vidole vyote kumi vya mikono, na ule mpira wa mechi, wenye kiraka kilichoshonwa mfano wa msalaba, wameuchoma uani kwake hadi ukawa majivu. Élysée alisikia kelele. Nyumba yake haikuwa mbali. Alifunga dirisha.

Asubuhi Mama Djamila alisimama mbele ya ua wa Élysée, furushi kichwani, mikono imefungwa vitambaa.

"Mwalimu. Weye hukuona."

Élysée alishika komeo la lango.

"Kutoona haiko kosa. Sema tu."

Élysée alitazama viatu vyake. "Enda salama, Mama."

Mama Djamila alimwangalia kidogo, bila hasira. "Basi. Mpaka uone."

Siku ya tatu, Laetitia, mke wake, alimwita uani. Mbele ya lango kulikuwa na mstari wa majivu, umenyooka kama kamba. Na nyuma yake, upande wa nyumba, alama moja ya duara kwenye udongo, kama ya mpira uliodunda.

"Watoto," alisema Élysée.

Laetitia alichukua ufagio. Majivu yalikuwa bado na joto.

Kesho yake mstari ulikuwa katikati ya ua. Keshokutwa yake, kizingitini. Kila mara lile duara lilikuwa limeuvuka kidogo, ndani zaidi. Na kila asubuhi jiko la Laetitia lilikutwa limekombwa safi.

Ijumaa, saa nne asubuhi, jua kali, Élysée alikuwa ubaoni akiandika sehemu na desimali. Nyuma yake darasa lilinyamaza. Aligeuka. Mstari ulikuwa umekatiza sakafu, kati yake na dawati la kwanza. Hakuna mtoto aliyekuwa amesimama. Wote walikuwa wanaangalia mikono yake.

Kisha kikasikika kitu kinadunda. Mara moja. Karibu.

Jumapili mstari ulikuwa chumbani, chini ya kitanda cha binti yao Estelle. Duara lilikuwa juu ya shuka, karibu na miguu ya mtoto. Lilikuwa na kiraka, mfano wa msalaba.

Laetitia hakulia. Alinong'ona tu: "Kesho itakuwa wapi?"

Élysée alikimbia kwa Gérard. "Ile goli... miye sikuona. Nilidanganya."

Gérard alifunga mlango kwanza. "Mwalimu, kombe iko kwenye kabati ya administratère, mukubwa wetu wa serikali. Watu walicheza ngoma. Unataka nini? Enda upumzike."

Hapo ndipo alipokodi pikipiki kwenda Kabambare. Siku nzima ya tope na madaraja ya miti. Njiani alijiandalia maneno: atapiga magoti, atamwomba mama yule aondoe mkono wake nyumbani kwao.

Alimkuta kwa kaka yake, amekaa kwenye mkeka. Mpwa wake alikuwa anamlisha ugali.

"Mama, nakuomba. Acha kuchora."

Mama Djamila alitoa mikono yake kwenye vitambaa. Vidole vilikuwa vimevimba, vimepinda kila kimoja upande wake.

"Nachora na nini?"

Élysée alichuchumaa kando ya mkeka.

"Mwalimu," alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomvunja, "angalia makucha yako."

Aliangalia. Chini ya kila ukucha kulikuwa na majivu. Mengi. Ya siku nyingi. Kumbe Laetitia alijua. Kumbe darasa zima lilijua. Na chekeche la mama huyu, alikumbuka sasa, lilikuwa nyuma ya mlango wa nyumba yao. Hakukumbuka kulileta.

"Na mpira?" aliuliza. "Nyumbani kwetu hakuna mpira. Ule waliuchoma."

Mama Djamila alifunika mikono yake. "Ile," alisema, "miye sijui."

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mechi ya kirafiki. Élysée alisimama katikati ya uwanja, bila shati jeusi, akasema kwa sauti yote: hakuona, mstari haukusogea, goli huenda lilikuwa goli, yule mama hana kosa, mwenye kosa ni yeye.

Kisha mtu mmoja akacheka, wakacheka wote.

"Maskini! Mulozi amemumaliza arbitre!"

Walimwonea huruma. Ndivyo walivyomwadhibu. Gérard alimvua filimbi shingoni kwa upole, kama unavyomvua mgonjwa kofia, na Mama Djamila akabaki mchawi, mulozi wao, sasa mkubwa kuliko mwanzo. Élysée alirudi kwa miguu. Watu wa njiani walimpisha.

Nyumbani mstari haukuonekana tena. Jiko lilibaki na majivu yake. Estelle alilala bila kushtuka. Laetitia aliliweka lile chekeche uvunguni na hakuna aliyelitaja.

Ila uwanjani, goli la kaskazini. Tangu Mama Djamila aondoke hakuna aliyechora, na mvua za msimu zimefuta mistari yote. Umebaki mmoja. Majivu, umenyooka, mtupu wa nyasi, na nyuma yake, upande wa ndani ya goli, duara lenye msalaba katikati ambalo maji ya mvua hayalijazi.

Muulize mtu yeyote Kasongo, atakwambia haliko goli, halikuwa goli, halitakuwa. Halafu umtazame akipita pale. Ataruka.

Mwalimu peke yake haruki. Huenda kila Jumapili, mikono mfukoni, anasimama kwenye ule mstari na kuangalia chini mpaka jua linapopinduka. Akiondoka, udongo aliosimamia unakuwa mkavu, hata siku ya mvua. Alama za miguu yake hazionekani. Zinaonekana nyingine, ndogo, za mama aliyevaa kandambili, hatua kwa hatua, zikielekea nyumbani kwa Mwalimu.