Mfalme wa Mashati Saba

“Adelina, hadithi hii umeitoa wapi?”

Method aliuliza akipunga karatasi mbele ya kikundi chao cha kusoma, sebuleni kwa Theresia, mtaa wa Rågsved nchini Uswidi, baridi ile ya mwaka 1974.

“Kitabu cha kale,” Adelina akajibu, macho kwenye kikombe.

Uongo mtupu. Aliiandika mwenyewe juzi. Harusi yake na Method ilipangwa Pasaka, na moyoni alishaapa: mchumba wangu asipoelewa leo, pete namrudishia.

Kwa riwaya za karne zilizopita, Method hakuwa na mpinzani. Ndiye aliyewafundisha kwamba zamani mwandishi akimsema mtawala waziwazi alifungwa, kwa hiyo alibuni nchi ya mbali na mfalme wa kutunga, wenye akili wakaelewa.

“Sikieni! Mfalme anahubiri usawa tangu asubuhi. Mashati yake saba anayafua nani? Malkia, akitoka kuuguza wagonjwa! Mwandishi anawachapa mabwana wakubwa wa Ulaya!”

“Mabwana wa wapi, kaka?” Theresia akauliza, kicheko kimembana.

“Wa Ulaya, dada! Na mfalme mwenyewe bwege, hajui hata kama anasemwa yeye!”

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Ladislaus, mwenzao wa kikundi, akamwaga kahawa.

“Mbona mnacheka?” Method akauliza.

Adelina akavua pete, akaiweka juu ya karatasi.

“Method, mimi nafanya kazi gani?”

“Uuguzi.”

“Na hilo shati ulilovaa, jana nani kalifua?”

Method akashika kola yake.

“Mfalme ni… mimi?”

“Ni wewe, Mtukufu.”

Method akachukua koti, karatasi na pete, akatoka kwenye theluji bila kuaga. Siku tatu hakuonekana. Adelina akaanza kujilaumu.

Jumamosi simu ikalia.

“Shoga,” alikuwa Theresia, “shuka chumba cha kufulia. Usiniulize kitu.”

Chini ya jengo lao, kwenye orodha ya zamu za wapangaji kufua iliyobandikwa mlangoni, palikuwa na jina moja kila Jumamosi mpaka Pasaka: Method. Ndani, mwenyewe amekunja mikono ya shati, jasho linamtiririka, mashati saba yananing'inia. Yote ya rangi ya waridi.

“Nimeyachanganya na skafu nyekundu,” akasema kwa aibu.

Adelina akacheka mpaka akashika ukuta.

“Mama, hadithi yako haina mwisho,” Method akasema, akitoa pete mfukoni. “Naomba niuandike mimi.”

“Andika. Ila ufue na hilo ulilovaa.”

Pasaka mchungaji alimtazama bwana harusi mara mbili. Suti nyeusi, tai nyeusi, shati la waridi.

“Hukupata jeupe, mwanangu?”

“Ninalo, mchungaji,” Method akajibu akimwangalia bibi harusi. “Hili nimelifua mwenyewe.”