Chupa Iliyozunguka Mtaa

Majirani zangu, leo nasema, na anayetaka kununa anune. Nyumba ya Mama Gawa mnaifahamu. Asubuhi zake zilikuwa za raha: yeye amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe wake, ndoo katikati ya magoti, na binti yake kibarazani akipanga chupa za wateja. Jina la Mama Gawa tulimpa sisi, maana hakuwa na kitu cha peke yake. Ukimwomba chumvi, anakupa na sukari.

Asubuhi moja chuchu moja ikatoa maziwa yenye mabonge. Kiwele kilikuwa cha moto, na ng'ombe alirusha teke kila alipoguswa. Daktari wa mifugo akaitwa, akamchoma sindano, akaacha chupa ya dawa na maagizo. Achomwe kila siku mpaka yeye daktari arudi, hata akionekana amepona. Maziwa yake yamwagwe.

Basi, maziwa yalipoanza tu kuwa meupe, Mama Gawa akaacha kuchoma. Aliona dawa iliyobaki itaharibika bure, na jirani wa ukutani alikuwa na ng'ombe anayeumwa vile vile. Akampa. Jirani akatumia kidogo, akampelekea dada yake mfuga kuku, naye akaimimina kwenye maji ya vifaranga wazima, eti wasije wakaugua. Chupa ikazunguka mtaa kama sufuria ya kuazima, na kila mtu anashukuru. Huo ndio tuliouita ujirani mwema.

Mabonge yakarudi. Safari hii majirani ndio waliomgawia Mama Gawa dawa, huyu kidogo, yule kidogo. Maziwa yakisafika anaacha, yakichafuka anaanza tena. Jamani, dozi nusu huua bakteria wanyonge tu. Wale wakaidi hubaki wakazaana, na ndio waliojaa kwenye kiwele kile.

Mumewe alikosa raha kabisa. Anaingia bandani, anatoka, anaingia tena, akisema daktari aitwe. Mkewe akamwambia aache kuhangaika, ng'ombe wake anamjua mwenyewe.

Kumbe kidole cha Mama Gawa kilikuwa na mpasuko, na alikuwa akikamua nacho. Kikavimba. Alidhani ni mwiba. Uvimbe ukapanda kiganjani, homa ikamshika, akakimbizwa hospitali. Dawa ya kwanza haikufua dafu, ya pili nayo vivyo hivyo, na vidole viwili vikaanza kuwa vyeusi. Binti hakutulia. Anakaa, anasimama, anachungulia wauguzi, anarudi kumgusa mama yake paji la uso. Alikuwa na hofu ya kumpoteza.

Daktari wa hospitali alirudi na majibu ya maabara, akauliza swali ambalo binti hakulitarajia.

"Nyumbani mnafuga nini?"

"Ng'ombe. Anaumwa kiwele."

Akauliza ng'ombe ametibiwaje, na binti akaeleza habari yote ya chupa. Daktari akavuta kiti, akakaa karibu na mgonjwa.

"Mama, bakteria walio mkononi mwako wameshazizoea dawa tunazozitegemea. Imebaki moja ninayoitumaini. Lakini vidole hivi viwili nikiviacha, tutapoteza mkono, na pengine wewe mwenyewe."

Mama Gawa akavitazama. "Sasa nitakamua na nini, mwanangu?"

Vidole vikakatwa, dawa ile ikasaidia, akapona. Daktari wa mifugo alipopima maziwa akakuta bakteria wale wale, na ng'ombe hakuwa wa kutibika tena. Akaondolewa. Vifaranga nao walipougua kweli, dawa haikuwafaa kitu, wakafa karibu wote.

MAFUNZO

Dawa ya mnyama si chumvi ya kuazimana. Aliyeandikiwa ndiye aitumie, na aimalize kama alivyoelekezwa, hata akionekana mzima. Mnyama mzima hapewi dawa kwa kubahatisha, na mwenye kidonda mkononi amwachie mwingine kukamua. Bakteria wakishazoea dawa hawabaki bandani, wanaingia mpaka chumbani kwako. Msiniambie mlikuwa na nia njema, hata Mama Gawa alikuwa nayo.

Juzi nilimkuta mlangoni akihangaika na vifungo vya blauzi. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akanizuia.

"Niache, shoga. Nitazoea."

Nilisimama pale mpaka nikashindwa kutazama. Kifungo cha kwanza kilikuwa hakijaingia.