Upande Wenye Nembo

Simu iliita Upupu akiwa juu ya pikipiki yake ya Honda, magari mawili nyuma ya pikapu nyeupe.

"Mvua inakuja," sauti ilisema ndani ya helmeti.

"Nje kuna nguo ngapi?"

"Moja. Ianue kabla ya saa moja."

Ikakatika.

Nguo maana yake ni mateka. Saa moja ni saa moja jioni, wakati wa taarifa ya habari. Na nguo yenyewe ilikuwa shangazi wa Upupu, dada wa baba yake, mwanamke aliyemlea tangu akiwa na meno ya utoto. Mkuu wa Idara ya ujasusi alilijua hilo. Ndiyo maana kazi alimpa yeye, na ndiyo maana hakuthubutu kumwambia pole.

Upupu ni jina la kazini. Alipewa na watu waliowahi kumgusa wakajuta.

Aliongeza moto, akapenya kati ya lori na ukuta.

Shangazi alikuwa amesoma taarifa ya habari redioni mpaka akastaafu. Nchi nzima ilimwamini. Akisema kesho hakuna shule, watoto walilala mpaka jua kali. Sasa lilikuwepo genge la wasafirisha silaha, linalolipwa na wakubwa wa ng'ambo, lililotaka askari wa mpakani watoke kwenye kituo chao jioni moja tu ili malori yao yapite. Wangeyateka mawimbi ya redio, na sauti ya Shangazi ingetangaza kwamba sumu imevuja mpakani, kila mtu akimbie. Kompyuta waliijaribu kwanza. Ikasoma kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya minyoo. Basi wakamchukua mwenye sauti mwenyewe, kwenye foleni ya kliniki ya macho, mbele za watu, wakisema ni wanawe.

Wakishapata rekodi moja safi, mwenye sauti hana kazi tena. Hilo halikuhitaji kuelezwa.

Lakini rekodi safi ilikuwa imewashinda.

Idara ilinasa kipande walichowatumia mabosi wao. Mafundi wa Idara walikisikiliza, wakakichuja, wakakuna vichwa. Shangazi alisikika mbali, kama anaongea akiwa bafuni kwa jirani. Aliyesikika karibu ni mtu mwingine, anayevuta kamasi.

Upupu alisikiliza mara moja tu. Alikuwa amekulia kwenye vyumba vya matangazo, akifanya kazi za shule chini ya meza huku shangazi yake akisoma habari juu.

"Maikrofoni wameigeuza," alisema. "Anaongea na mgongo wake."

"Watagundua?" Mkuu aliuliza.

"Hao? Mjinga mwenye hela hasomi maelekezo. Ananunua kifaa kingine. Wekeni watu kwenye maduka ya vifaa vya studio."

Na kweli. Leo mchana mtu aliingia dukani akaagiza priampu, kile kisanduku cha kuikuza sauti ya maikrofoni kabla haijaingia kwenye kompyuta. Hakuuliza aina. Aliuliza ipi ni ghali zaidi. Akataka na fundi wa kuifunga, haraka sana.

Fundi huyo ndiye aliyekuwa ndani ya pikapu.

Upupu aliipita, akakata kona mbele yake, akasimama. Pikapu ilifunga breki na pua yake ikabaki kiganja kimoja tu kutoka kwenye tairi la Honda.

Fundi aliteremka. "Dada, una wazimu? Hilo boksi limesainiwa kwa jina langu."

Upupu alimwonyesha kitambulisho. "Leo una likizo, kaka. Nipe ovaroli na funguo."

"Na wakiuliza fundi mwanamume yuko wapi?"

"Nitawaambia anaharisha."

Fundi alivua ovaroli. Mtu mwenye akili timamu, wa kwanza na wa mwisho siku hiyo.

*

Nyumba ilikuwa na ukuta mrefu, geti jeusi na kamera nne. Mbili kati ya hizo zilitazamana.

Simu ya mwisho kutoka kwa Mkuu ilikuwa fupi. "Vijana wako mtaa wa pili. Tukivunja mlango kabla hujamfikia, watamuua."

"Msivunje chochote. Subirini saa yangu."

Saa yenyewe ilikuwa Casio ya plastiki, ya kununuliwa sokoni. Idara ilikuwa imeitia kitufe kimoja cha ziada. Ukikibonyeza, vijana wanakuja.

Mlinzi aliyefungua geti alikuwa na kifua kipana na shingo isiyoonekana. Wenzake walimwita Mbavu. Alivuta kamasi, na Upupu akaitambua sauti hiyo papo hapo. Mbavu alimpapasa, akapekua begi, akashika bisibisi kama mtu aliyeokota bomu, akairudisha. Saa hata hakuitazama.

"Fundi mwanamume yuko wapi?"

"Anaharisha."

Mbavu alirudi nyuma hatua moja.

Sebuleni sofa zilikuwa bado zimevikwa nailoni. Kutoka hapo mlango mzito ulifunguka kwenye studio, na Upupu ilibidi ameze mate asicheke. Mungu akikunyima akili halafu akakupa hela, utajenga studio kama ile. Kutani, trei za mayai zilizopakwa rangi nyeusi. Spika za Genelec, jozi nzima, zimefichwa nyuma ya pazia la maua. Meza yenye vitufe vingi kuliko chumba cha rubani, nusu yake haijaunganishwa na kitu. Juu ya kila kifaa, stika ya bei haijabanduliwa.

Ng'ambo ya kioo, kwenye chumba cha kusomea, Shangazi alikaa juu ya kigoda kirefu, mgongo wima, kilemba hakijapinda hata kidogo. Mbele yake ilining'inia Neumann, maikrofoni ambayo waimbaji wengine huiona pichani tu. Nembo yake iliutazama mlango, iwapokee wageni. Mgongo wake ulimtazama Shangazi. Na upande ule wenye nembo palikuwa na kiti cha ngozi, ambacho kilikuwa cha bosi.

Bosi aliitwa Bwana Suti, kwa sababu hakuwa na jambo lingine la kumtambulisha. Sasa alikuwa upande huu wa kioo, na kando yake alisimama kijana wa miwani myeusi ndani ya nyumba, cheni tatu shingoni. Huyo alijiita Prodyuza.

"Fundi," Bwana Suti alisema, "kwa nini huyu bibi anasikika mbali na mimi nikikohoa nasikika karibu?"

"Nilishakuelezea, bosi," Prodyuza alidakia. "Una sauti nzito. Sauti nzito inatembea."

Upupu alimtazama huyo mtu mzima hovyo, akainamisha kichwa kwa heshima. "Inawezekana."

Shangazi aligeuka. Macho yao yalikutana kupitia kioo. Uso wa bibi yule haukubadilika hata unyusi. Lakini alikuwa amekonda, na mkononi alikuwa na alama ya kamba.

"Ndiye fundi huyo?" Sauti yake ilitoka hafifu kwenye spika, nyuma ya pazia. "Nimengoja tangu asubuhi. Na hiyo ovaroli imemkaa vibaya."

"Nyamaza, bibi," Bwana Suti alisema.

"Nikinyamaza utarekodi nini?"

Ndivyo alivyobaki hai. Alikuwa amekohoa, amedai maji ya moto, amekataa sentensi zao kwa kuwa Kiswahili chao ni kibovu, amerudia kusoma mpaka Mbavu akalala. Alikuwa ameiona nembo imegeuzwa tangu dakika ya kwanza. Hakuwaambia. Kila rekodi iliyoharibika ilikuwa pumzi nyingine kwake.

Bwana Suti alitazama saa ya ukutani. "Leo ni mwisho. Ipatikane rekodi safi mara moja, halafu bibi akapumzike."

Mbavu alicheka kwa pua.

Upupu alifungua boksi, akafunga priampu mezani, akachomeka nyaya. Hasira ilikuwa imekaa kifuani imetulia, kama maji kabla hayajachemka.

Kisha Bwana Suti akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Akafikiri.

"Nimeona video moja," alisema. "Mwimbaji alikuwa anaongea upande wenye nembo. Hatujaigeuza hii?"

Akaingia chumba cha kusomea, akanyoosha mkono kuelekea maikrofoni. Angeizungusha kidogo tu, wangepata rekodi yao, na Shangazi angekwisha.

"Usiguse," Upupu alisema bila kupaza sauti. "Kuna volti arobaini na nane ndani. Ukiigeuza umeme ukiwa umewaka, inaungua."

Ulikuwa uongo mtupu. Mtoto wa studio yoyote angemcheka.

Bwana Suti alimgeukia Prodyuza. "Kweli?"

Prodyuza alisawazisha miwani. Hakuwa anajua. Na kwa kuwa hakuwa anajua, hakuweza kukubali kwamba hajui.

"Kweli kabisa, bosi. Hiyo ni kanuni. Niliona moja ikilipuka."

Mkono ulirudi mfukoni.

"Na nembo lazima iwatazame wateja," Prodyuza aliongeza, akiwa ameshapata moyo. "Ndiyo heshima ya studio."

Upupu karibu ampe mkono wa shukrani.

"Tatizo ni miili," alisema. "Mtu mwingine akiwa chumba kile anakunywa sauti. Abaki msomaji peke yake, mlango ufungwe. Nyinyi watatu kaeni huku, vaeni hedifoni, mnisaidie kusikiliza. Spika zile za nyuma ya pazia hazisemi ukweli."

"Na mimi?" Mbavu aliuliza.

"Wewe una masikio makubwa. Tunayahitaji."

Alifurahi. Aliweka bastola yake mezani ili aweze kuvaa hedifoni vizuri. Bwana Suti alivaa zake. Prodyuza alivaa za kwake juu ya kofia. Upupu alishika za kwake, akaziweka shingoni. Mlango mzito wa chumba cha kusomea ulifungwa. Sasa kati ya Shangazi na wale wanaume kulikuwa na kioo cha tabaka mbili.

Upupu alibonyeza kitufe cha kuongea na chumba cha ndani.

"Mama, soma kama ulivyozoea kazini kwako. Siyo kama ulivyokuwa ukisoma hapa."

Shangazi alimtazama. Upupu aliinua mkono hadi kwenye kioo, vidole vitatu juu. Kila mtu wa redio anaijua ishara hiyo: vidole vinakunjwa kimoja kimoja, na ngumi ikifunga, uko hewani. Alikuwa akiiona kutoka chini ya meza tangu akiwa mtoto.

Bibi yule alishuka kwenye kigoda polepole. Akaizunguka maikrofoni. Akasimama upande wenye nembo, akasogea karibu kabisa, akaweka kilemba sawa.

"Anaenda wapi huyo?" Bwana Suti alisema.

Kidole cha kwanza. Upupu alizungusha kitufe cha priampu mpaka mwisho.

Cha pili. Akafungua sauti ya hedifoni zote mpaka mwisho.

Ngumi.

"Hii," Shangazi alisema, kwa kifua chake chote, "ni taarifa ya habari."

Mbavu alianguka na kiti chake. Prodyuza alipiga yowe ambalo mwenyewe hakulisikia. Bwana Suti alizing'oa hedifoni kichwani, akapepesuka, akanyoosha mkono kwenye bastola ya mezani. Upupu aling'oa priampu, akamshukia nayo kwenye kifundo cha mkono. Kisanduku cha mamilioni, kikafanya kazi yake ya kwanza ya maana katika nyumba ile.

Bastola ilikuwa mkononi mwa Upupu sasa. Akabonyeza saa.

"Kaeni chini," alisema.

Hawakusikia. Akawaonyesha kwa mtutu, na hilo walilielewa.

*

Vijana wa Idara waliingia bila kuvunja chochote. Mbavu alikuwa ameacha geti wazi.

Malori yalikuwa bado hayajulikani yaliko. Mkuu aliuliza hilo kwenye simu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

"Subiri," Upupu alisema.

Alikaa kwenye kompyuta. Prodyuza, aliyeogopa kupoteza hata neno moja, hakuwahi kuzima kinasa sauti kati ya rekodi moja na nyingine. Kila kitu kilikuwemo, siku zote hizo. Faili ziliitwa Mwisho, Mwisho Kabisa, Mwisho wa Kweli. Na katika kila moja, kwa sauti safi, nzito, ya karibu, alisikika Bwana Suti kwenye kiti chake cha ngozi, upande wenye nembo, akiongea na simu. Alitaja njia. Alitaja namba za malori. Alitaja nani anamlipa, na akalalamika kwamba wanamlipa kidogo.

Upupu alisogeza simu kwenye spika. Ilikuwa rekodi nzuri sana. Neumann haijawahi kumwangusha mtu.

"Umeyapata?" Upupu aliuliza kwenye simu.

"Yote," Mkuu alisema. "Na nguo?"

"Kavu."

Shangazi alitoka chumba cha kusomea bila kuharakisha. Aliwatazama wanaume watatu waliokaa sakafuni wakiwa na pingu, kama anavyotazama vyombo vilivyooshwa vibaya. Kisha akamtazama Upupu kuanzia viatu.

"Kwa hiyo huuzi mashine za fotokopi."

"Siuzi, Shangazi."

"Miaka yote hii nimeona aibu kukutaja mbele ya majirani." Alimshika shavu kwa mkono ule wenye alama ya kamba. "Mwanangu. Niliogopa sana."

"Najua."

"Usimwambie mtu."

Prodyuza alikuwa akimtazama Upupu kutoka sakafuni. Masikio yalikuwa yameanza kumrudia. "Dada," alisema, "naomba kuuliza tu. Upande wa mbele ni upi?"

Upupu aliingia chumba cha kusomea, akaishusha Neumann kwenye stendi yake, akaivuta mpaka mlangoni, akaizungusha mpaka nembo ikamtazama usoni. Akarudisha waya wake pale ulipokuwa kabla ya priampu, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

"Huu," alisema. "Anza na jina lako. La kwenye kitambulisho."

Akamshika shangazi yake mkono, wakatoka.

Nyuma yao, kwa sauti safi sana, Prodyuza alianza kutaja watu.