Pombe na Kichwa Kilichoumia

Kila asubuhi Mama Pacha huketi kwenye cherehani yake na kushona mapazia. Mume wake ni seremala. Watu humwita Rula kwa sababu kazi yake imenyooka. Alikuwa mtu wa kuamka mapema. Kabla pacha hawajavaa sare za shule, yeye alikuwa tayari anapiga randa huku akipiga mluzi.

Siku moja Rula alikuwa akipigilia mbao za dari kwenye nyumba ya mteja. Ngazi ikateleza. Alianguka, akagonga kisogo sakafuni, akazimia. Alilazwa hospitali kwa muda. Kidonda kikafunga, nywele zikaota. Majirani wakasema amepona.

Mama Pacha aliona mengine. Rula alisahau mahali alipoweka msumeno, nao uko mkononi mwake. Mlio wa cherehani ulimpasua kichwa. Usingizi ulimkimbia. Mtu aliyekuwa mcheshi sasa aliwaka kwa jambo dogo, hata pacha wakawa wanatembea kwa kunyata.

Rafiki yake mkubwa, fundi rangi anayeitwa Brashi, alimhurumia. Jioni akawa anamletea pombe kali.

"Kunywa kidogo, ndugu yangu," alimwambia. "Upunguze mawazo."

Kidogo kikazaa kingine. Mwishowe Rula hakuweza kumaliza siku bila kunywa. Tena glasi moja ilimlewesha kuliko chupa nzima ya zamani. Majirani nao wakabadili wimbo: "Yule ni mlevi tu." Ndugu wa Mama Pacha wakamshauri afungashe vitu vyake.

"Huyu mtu namjua," aliwajibu. "Kuna kitu kimemshika, ila bado sijakijua."

Mchana mmoja Rula alikunywa, kisha akameza dawa zake za kichwa. Akaanguka mlangoni. Mwili ukakakamaa, ukaanza kutetemeka. Mama Pacha alisogeza viti, akamgeuza ubavu asipaliwe. Brashi alikimbia barabarani kutafuta gari.

Hospitalini, Rula alipozinduka, muuguzi aliwaketisha Mama Pacha na Brashi karibu na kitanda chake.

"Dada, niambie ukweli," Mama Pacha alisema. "Mume wangu ameharibika tabia?"

"Tabia haikuharibika. Ubongo uliumia," muuguzi alijibu. "Jeraha la nje mliliona likipona. La ndani huchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana anasahau, anakasirika, halali. Wengi walioumia hivi hukimbilia pombe, bangi au vidonge ili wapate nafuu."

"Na nafuu alikuwa akiipata," Brashi alisema taratibu.

"Ya muda mfupi. Ubongo ulioumia hauhimili pombe kama zamani. Pombe huchelewesha kupona, huharibu usingizi, humwangusha mtu tena. Huweza kuleta kifafa. Ikichanganyika na dawa, huweza kuua."

Brashi aliinamisha kichwa. "Kumbe nilikuwa namchimbia kaburi, nikidhani namtandikia kitanda."

"Hukujua. Sasa umejua."

"Basi leo hii namwaga chupa zote," alisema Mama Pacha.

"Subiri kidogo. Aliyezoea kunywa kila siku asiachishwe ghafla nyumbani. Ni hatari. Atabaki hapa, daktari amsaidie kuacha kwa usalama. Akirudi nyumbani, mwambie jambo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache. Akisahau, rudia bila kumsimanga."

Rula aliwatazama. "Mnanizungumzia kama kabati lililovunjika."

"Kabati halijibu," mke wake alisema. "Wewe jibu. Unataka kuacha?"

Rula akasema, "Nataka. Ila peke yangu siwezi."

"Nani kakuambia uko peke yako, baba watoto?"

Rula aliporudi nyumbani, Mama Pacha alikuwa amehamishia cherehani kwenye baraza ya jirani, ili nyumba itulie. Brashi aliendelea kuja jioni, sasa na chupa ya chai. "Hii ikikulewesha, nishtaki," alisema, na Rula akacheka.

Haikuwa rahisi. Mara moja Rula alirudia kunywa. Hakujificha. Kesho yake alikwenda mwenyewe kliniki akasema, "Nimeteleza." Wakampokea, wakaanza tena. Alijiunga na kikundi cha watu wanaoacha ulevi. Hasira zikimpanda, alijifunza kutoka nje kwanza, kuongea baadaye. Kazini alianza kwa kupiga msasa tu. Baadaye akaunda vigoda, kimoja kimoja, akipumzika kila alipochoka.

Rula hakurudi kuwa yule wa zamani kabisa. Huchoka haraka, na ngazi hapandi tena. Lakini analala, hanywi, na pacha humkimbilia akirudi. Ndugu wa Mama Pacha sasa husema, "Dada yetu ana moyo." Yeye huwajibu kwamba mwenye moyo ni yule anayekataa glasi kila siku.

Juzi mama mmoja alifika karakanani kununua kigoda.

"Mwanangu angeninunulia," alisema, "lakini amekuwa mlevi. Nimemkatia tamaa."

Rula aliweka randa chini. "Mama, aliwahi kuumia kichwa?"

Yule mama alifikiri. "Aligongwa na pikipiki mwaka jana. Ila alipona."

Rula alijipangusa vumbi la mbao mikononi.

"Nipeleke kwake," alisema. "Nitaongea naye mimi."