Kengele Tatu za Tramu Namba Saba

Kifungo cha koti la dereva kilining'inia kwa uzi mmoja, na mshonaji hakuweza kuvumilia. Jumamosi hiyo makumbusho yalijaa utadhani treni zinagawiwa bure. Watoto walikwea kichwa cha treni ya mvuke kilichopakwa rangi mpya, wazee walipapasa mabehewa yaliyokarabatiwa wakitafuta viti vyao vya zamani. Mshonaji alikuja kumsindikiza tu bibi yake, ambaye ujanani alikuwa kondakta wa tramu namba saba. Bibi alishapanda, alishakaa, na alishaanza kuwafokea abiria wasimame nyuma ya mstari.

"Kaka, hicho kifungo kinataka kujiuzulu," mshonaji alisema mlangoni.

"Kimeandika barua tangu mwezi jana. Hakuna wa kuipokea."

"Simama wima."

Alichomoa sindano anayotembea nayo siku zote kwenye ukosi wa gauni lake la kijani, akakishona koti likiwa mwilini, foleni nzima ikisubiri.

"Aa! Umenichoma!"

"Ukicheza-cheza nitakushona pamoja na shati."

"Nishone tu, mrembo. Nitapata sababu ya kutotoka hapa."

"Kijana!" bibi aliita kutoka ndani. "Hii tramu ya saa tisa huwa inaondoka saa ngapi?"

Tramu ilitembea mita mia tatu tu, kutoka karakana hadi getini, lakini wao wawili walifika mbali. Dereva alimwonyesha kamba ya kengele ya kondakta iliyopita juu ya madirisha. Kengele moja, simama. Mbili, ondoka. Tatu, gari limejaa au kuna tatizo, pita kituo usisimame.

"Na dereva haulizi," alisema. "Akisikia tatu, anapita."

"Hata kama mpenzi wake amesimama kituoni?"

"Hasa huyo. Atamchanganya akili."

Miezi mitano ikapita hivyo, kwa kucheka. Kwa kuwa mashine za chumba cha ushonaji zilipiga kelele na msimamizi hakupenda maongezi, waliongea kwa kubipiana. Bipu moja: ngoja, nina kazi. Mbili: njoo, nimetoka. Tatu haikuwahi kutumika. Nani amwambie mpenzi wake apite?

Kisha ikafika jioni ya kupigiana simu kweli kweli.

"Kesho saa kumi, mpenzi. Mimi na mjomba tunakuja kujitambulisha kwenu."

"Mjomba atavaa ile kofia yake?"

"Ameshaivaa. Anasema anaizoeza."

"Ukichelewa, naolewa na wa kwanza atakayebisha hodi."

"Basi nalala mlangoni."

Jumapili, shangazi wawili walikaa sebuleni wamenyooka kama picha. Mshonaji alivaa gauni la zambarau alilolishona kwa jioni tatu, likambana pale palipotakiwa. Saa kumi ilipokaribia akachungulia pembeni mwa pazia. Gari lile pale. Kofia ya mjomba ile pale, kiti cha nyuma. Gari likapunguza mwendo mbele ya geti, kisha likaongeza, likakata kona.

Alisubiri mpaka chakula kikapoa. Akaenda jikoni, akachukua simu yake, akaizima bila hata kuitazama.

"Amenipita, Bibi," alisema.

Bibi akaendelea kufunika masufuria.

Siku sita simu haikuwashwa. Lakini koti la dereva alikuwa nalo, alikuwa amelichukua kulibadilisha bitana, na kazi ni kazi. Jumamosi akalikunja, akaenda makumbusho. Mpango wake: aliweke kwenye kiti, ashuke, asilie mpaka afike nyumbani. Bibi alimfuata, akidai yeye kwenye tramu ile ni mwenyeji. Kabla koti halijatua, tramu ikaondoka.

Mshonaji akavuta kamba. Kengele moja.

Tramu ikasimama katikati ya reli. Dereva, aliyevaa shati tu, akageuka, na uso wake ukabadilika.

"Koti lako," mshonaji alisema.

"Asante."

"Asante tu? Shangazi zangu wamejipanga, mimi nimejibana kwenye gauni sipumui, unanipita na mjomba wako na kofia yake, halafu asante?"

"Si ulipiga tatu!"

"Nilipiga nini?"

"Bipu tatu, saa kumi kasoro dakika tano. Mjomba akaniambia simama, nikamwambia dereva haulizi. Nilijua wazee wamekataa na hutaki niaibike mlangoni. Nilipokutafuta usiku, simu imezimwa. Nikasema ndiyo basi." Akatoa simu. Zilikuwepo, zote tatu, kwa namba yake.

"Sikushika simu mimi! Nilikuwa chumbani nafungwa zipu. Simu ilikuwa jikoni na..."

Tramu nzima ikamgeukia bibi, ambaye ghafla alikuwa akisoma kwa makini tangazo la zamani la sabuni juu ya dirisha.

"Bibi."

"Tangazo hili lilikuwepo hata enzi zangu."

"Bibi!"

"Nilitaka alete barafu!" bibi alilipuka. "Kila nikigusa simu yako inakata. Nikajaribu mara tatu, nikasema basi, tutakunywa vinywaji vya moto. Nitajuaje mnachumbiana kwa kengele zangu?"

Mshonaji akakaa chini, akacheka mpaka machozi yakapata njia. Mzigo wa siku sita ulimshuka mabegani wote kwa mpigo.

"Wiki hii nimeshona shati lenye mikono mitatu," alisema.

"Mimi nimepitiliza geti mara mbili."

"Ungeuliza."

"Ungewasha simu."

Dereva akavaa koti. Mshonaji akavuta kile kifungo. Kilikuwa imara.

"Mjomba bado ana kofia?"

"Hajaivua. Anasema aliivalia ugeni, na ugeni bado."

"Mwambie kesho saa kumi. Na njoo na barafu."

"Sasa tunaondoka," abiria mmoja aliuliza, "au harusi ni humu humu?"

"Nyuma ya mstari!" bibi akaamrisha, akasimama, akashika kamba. Akavuta moja. Mshonaji akazuia pumzi. Bibi akavuta ya pili, kisha akaiachia haraka na kuinua mikono yote juu, kila mtu ashuhudie.