Namba Zinazoingia kwa Msusi

Jumatatu hiyo zahanati ilijaa hadi barazani, na kelele zilikuwa juu. Karani wa mapokezi alikuwa ametangaza kwamba miadi, majibu ya vipimo na dawa za kila mwezi sasa vinaombwa kwa simu, si kwa kupanga foleni.

Fundi cherehani, binti mwenye gauni la njano alilolishona mwenyewe, alikuwa akigeuza simu yake huku na huku.

"Dada, umeishika kama pasi," sauti ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, vumbi la mbao kwenye nyusi, shati limenyooshwa vizuri lakini kifungo kimoja hakipo.

"Na wewe shati lako kama mlango usio na kitasa."

Kijana alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa seremala, na pumu ilimjua kwa jina. Akamwonyesha pa kubonyeza. Jioni ile kifungo kilishonwa, na kabla mvua hazijaisha walikuwa wakiitana mpenzi.

Mchana mmoja Fundi alimpelekea chakula karakanani, kajifunga kitambaa cha waridi kichwani. Akamsikia nyuma ya mbao.

"Nisomee namba upesi, mama, kabla hazijaisha muda."

Sauti ya kike ikacheka simuni. "Mpaka dawa ziishe ndiyo unanikumbuka? Haya, saba, nne..."

"Nani huyo?" Fundi aliuliza, sufuria bado mkononi.

Seremala alikata simu. "Msusi. Tuliachana zamani. Nilipolazwa, yeye ndiye aliyenifungulia akaunti ya zahanati, akaweka namba yake. Kila nikitaka kuingia, namba za siri zinatumwa kwake. Ananisomea tu."

"Na yeye akitaka kuingia?"

"Akitaka... anaingia."

"Anaona vipimo vyako? Uzito wako? Anasoma alichoandika daktari?"

"Mpenzi, ni mapafu tu."

"Mapafu ya nani? Mimi najua kicheko chako, mwenzangu anajua mpaka pumzi zako!"

"Kubadilisha lazima niende mapokezi na kitambulisho. Kazi zimenibana. Nitaenda."

"Nitaenda si nimekwenda. Ukimpigia tena huyo, mimi usinipigie."

"Naapa simpigii."

Fundi aliiacha sufuria juu ya meza ya randa, akaondoka bila kuaga.

Wivu ni kama nondo, hula kitambaa kikiwa kimekunjwa. Fundi alishona mikono ya blauzi kinyume. Seremala alipopiga, alimuuliza neno moja: "Umeenda?" Akijibiwa kesho, alikata. Mwishowe simu zikakoma. Amerudi kwake, Fundi alijisemea. Akajipitisha mbele ya saluni ya Msusi, akachungulia kioo. Msusi alikuwa na kucha ndefu na midomo myekundu, anaiangalia simu yake na kucheka. Fundi alirudi dukani akalifumua gauni zima la mteja, gauni lisilo na kosa.

Siku chache baadaye namba ngeni ikampigia.

"Wewe ndiye fundi? Namba nimeitoa kwenye kibao cha duka lako. Mimi msusi."

"Umepiga kunisimanga?"

"Ningetaka kukusimanga ningekuja na kiti, nikae. Sikiliza, mdogo wangu. Tangu asubuhi namba za huyo bwana zinamiminika kwangu. Anajaribu kuingia, anajaribu tena, wala hanipigii nimsomee. Nikimpigia hapokei. Namjua, hajaribu hivyo mpaka dawa imeisha kabisa."

"Aliniapia hatakupigia."

"Basi atakufa na kiapo chake. Mimi nina kichwa cha mteja nusu kimesukwa, na mume wangu hajui kama bado nasoma namba za watu. Nenda wewe!"

Fundi alitoka mbio, futi ya kupimia ingali shingoni. Alimkuta Seremala ameinama juu ya rundo la mbao, midomo imepauka, kifua kinapiga mluzi. Hakumuuliza kitu. Alisimamisha pikipiki, akampakia, akamshika kwa nyuma mpaka zahanati.

Muuguzi alimvisha barakoa ya dawa. Pumzi ziliporudi, Fundi alimpiga begani.

"Si ungempigia, mjinga wewe!"

"Ulisema..."

"Nilisema usimpigie. Nilisema usipumue?" Akalia, na Seremala akamfuta machozi kwa kiganja kilichojaa vumbi, akamchafua uso mzima.

Kwenye dirisha la mapokezi, karani alipokea kitambulisho. "Namba mpya ya akaunti ni ipi?"

"Yake huyu," Seremala alisema.

Hilo ndilo Fundi aliloliota. Aone kila kitu, peke yake.

"Hapana. Weka ya kwake mwenyewe."

"Hutaki?" Seremala alishangaa.

"Nataka mno. Ndiyo maana."

Karani aliandika. "Na wa kuitwa ukizidiwa?"

"Huyo ndiye niwe mimi," Fundi aliwahi.

"Uhusiano?"

Foleni nzima ilisogeza masikio. Seremala alivuta pumzi, safari hii ikatosha. "Niliandaa maneno mazuri, yamenitoroka. Aandike mke?"

"Muongo wewe. Kaka, andika mchumba. Jina likibadilika tutarudi."

"Hongereni, wanangu," mama mmoja nyuma alisema, "lakini na sisi tunaumwa. Sogeeni!"

Fundi hakusogea. Aliegemea dirisha, akanyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Na ile namba ya msusi, kaka, ifute nikiona."