Ahadi Ambayo Fundi Hakupaswa Kuitoa

Fundi cherehani alikuwa na kazi tele, kwani shule zilikaribia kufunguliwa. Alimpima Kadogo, binti wa nyumba ya pili.

"Nyoosha mikono, mjukuu wangu. Lo, umerefuka kama mlingoti!"

Utepe ulipogusa mgongo, mtoto akaruka. Fundi akachungulia kwenye ukosi. Aliona alama za mkanda, mbichi juu ya zilizopona.

"Nani kakufanya hivi?"

"Baba. Usimwambie mtu, Bibi. Ataniua."

"Basi, siri yangu na yako," fundi akajibu kwa huruma.

Mchana wote uzi ulimkatikia. Jirani yake, nesi wa zahanati, akaja kujaribu gauni.

"Shoga, mfuko umeniwekea mgongoni! Leso nitaichomoa kwa mkono upi?"

Fundi akacheka, kisha akalia. Akamweleza yote. "Nataka nimfuate yule baba nimpe vidonge vyake!"

"Thubutu! Ukitoka pale, hasira zote zitamwishia mtoto. Wala usimhojihoji. Sisi tumsikilize, tumwamini, halafu twende kwa ofisa wa ustawi wa jamii leo hii. Kuuliza ni kazi yake."

"Na ahadi yangu?"

"Siri ya mtoto anayeumizwa haifichwi. Mwambie mwenyewe, asije akasikia kwa mwingine."

Kadogo alikuwa bado kibarazani, akiokota vipande vya vitambaa. Hakuwa na haraka ya kurudi kwao. Fundi akaketi chini, karibu naye.

"Mjukuu wangu, nimekosea. Nilisema nitanyamaza. Siwezi. Wewe huna kosa lolote. Yupo mama ambaye kazi yake ni kulinda watoto. Tunakwenda kwake, siyo kwa baba."

Mtoto alikunja kitambaa, akakikunjua. "Utaingia na mimi?"

"Mpaka ndani."

Ofisa aliwasikiliza bila papara. Kadogo akatibiwa, na jioni ile ile akapelekwa kwa mama yake mdogo. Mama mzazi, ambaye naye alikuwa akipigwa, akahamia huko huko. Baba akaitwa kujibu mbele ya sheria.

Baada ya mwezi, mama mdogo alipita kwa fundi, kashika kiuno.

"Mtoto wenu anaongea, jamani! Tangu alfajiri mpaka taa zizimwe. Wiki nzima redio yangu sijaisikia!"

Fundi akashusha pumzi ndefu.

"Mwache aseme, mwanangu. Redio izime."